Presha: kwa nini vidonge vya jirani si vyako

Wakazi wawili wa Buhongwa wanaweza kupimwa presha siku moja, wakakutwa na kipimo kilekile, lakini kila mmoja akaandikiwa dawa tofauti. Hapo hakuna aliyepunjwa. Hatari inaanza mmoja anapoishiwa dawa akaazima vidonge vya mwenzake.

Presha huhesabiwa kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90 au zaidi, tena ikithibitishwa kwa kupimwa siku tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban Mtanzania mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana tatizo hili. Hapa Mwanza, utafiti wa miaka mitatu katika Hospitali ya Bugando, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa maradhi yatokanayo na presha, kama kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na figo kufeli, ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa waliolazwa.

Nani yuko hatarini?

Umri na historia ya familia hatuwezi kuvibadili. Uzito, pombe, sigara, kukaa kutwa nzima bila mazoezi na chumvi tunaviweza. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa ya mboga, ya chipsi na ya mezani. Sato mbichi hana tatizo. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, anafaa kulowekwa na maji yake kumwagwa kabla ya kupikwa.

Daktari anachaguaje dawa?

Makundi makuu ni matatu. Haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi huondoa chumvi na maji ya ziada kupitia mkojo. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu. Kaptoprili na losartani huzuia kazi ya homoni inayobana mishipa.

Mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kuvujisha protini hunufaika na kundi la tatu, kwa kuwa hulinda figo. Mjamzito hapaswi kabisa kulitumia, maana linaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kaptoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Ukiona hayo, rudi kliniki ubadilishiwe, usiache dawa kimyakimya.

Wengi huhitaji dawa mbili kwa pamoja. Utafiti wa CREOLE, uliohusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kwa Waafrika weusi michanganyiko yenye amlodipini hushusha presha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo.

Kosa linalogharimu maisha ni kumeza dawa siku kichwa kinapouma tu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote. Kipimo kikishuka, ni dawa inayofanya kazi, basi iendelee.

Siku ya kliniki, beba maboksi yote ya dawa unazotumia, zikiwemo za maumivu kama diklofenaki, ambazo hupandisha presha. Keti dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo ukiegemea, miguu sakafuni. Kisha uliza: dawa hii inafanya nini mwilini mwangu, na nirudi lini?