Ndege za visiwani zimekua kwa viti vya kurudi

MSAFIRI wa Chinongwe anayekwenda Dar es Salaam huchukua basi alfajiri na kuteremka jioni akiwa hoi. Nachingwea, wilaya ya jirani, kuna kiwanja cha ndege cha tangu enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo ilifungwa mwaka 1962. Kiwanja kipo, lakini abiria wa kawaida bado hutegemea ndege za Mtwara.

Wengi hulaumu kampuni za ndege kwamba zinaibagua kusini. Hesabu za visiwani zinaonyesha sababu nyingine.

Coastal Aviation ilianzishwa mwaka 1987 na ZanAir mwaka 1992, wakati Zanzibar ilipokuwa inafungua milango kwa watalii. Hazikuanza na ndege kubwa. Chombo kilichokuja kutegemewa sana katika safari za namna hii ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria 12 hivi na kutua hata kwenye kiwanja kifupi cha vumbi.

Tuchukue mfano wa darasani. Safari moja inagharimu shilingi 1,800,000 na nauli ni shilingi 200,000. Abiria 9 wanarudisha gharama. Faida inaanzia kwa abiria wa 10. Ndege ikienda na abiria 12 na kurudi na 4, mwenye ndege atakusanya shilingi 3,200,000 huku ametumia 3,600,000. Amepata hasara ya 400,000 siku ambayo watu wa kiwanjani walimwona akiondoka amejaza.

Visiwani kiti cha kurudi kina mwenyewe. Mtalii mmoja anatoka Hifadhi ya Nyerere kwenda kupumzika Unguja, mwingine anatoka Unguja kwenda kuona wanyama. Ndege moja huunganisha vituo kadhaa, anayeshuka akimpisha anayepanda. Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi na kwa nauli nafuu, lakini ndege hutumia dakika 20, na wapo wanaoulipia muda huo.

Biashara hiyo nayo ina hatari yake. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 538,000. Mwaka 2020, kwa ugonjwa wa Corona, wakashuka hadi 260,000 hivi. Bima na vipuri hulipiwa kwa dola, mgeni aje asije.

Sasa turudi nyumbani. Zao letu ni korosho, ambalo tangu msimu wa 2007/08 limekuwa likiuzwa kwa stakabadhi ghalani. Wanunuzi na fedha hufurika kuanzia Oktoba, kisha mji unapoa. Korosho yenyewe haipandi ndege: magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, karibu mzigo wote wa Caravan, na nauli ingekula bei ya mkulima. Lori litabaki kuwa lake.

Lakini uchimbaji wa madini ya kinywe wilayani Ruangwa umeleta msafiri wa aina nyingine. Mhandisi na fundi wa mitambo huingia na kutoka kwa zamu, hawasubiri mnada. Hapo ndipo kiti cha kurudi kinapoweza kupata mwenyewe.

Kwa hiyo viongozi wa halmashauri, Chama Kikuu cha RUNALI na wenye migodi wangefanya vyema kuacha maombi ya jumla na kukaa pamoja. Wakubaliane kununua viti kadhaa kila wiki, mwaka mzima, katika ndege itakayopita Nachingwea ikielekea Mtwara au kutoka huko. Wakikosea makisio, watalipia viti vitupu kwa fedha za wakulima; hivyo waanze na safari moja kwa wiki na mkataba wa miezi michache.

Mwenye ndege akija kuzungumza, hatauliza sana habari za Oktoba. Atauliza ni nani amelipia viti vya Jumanne katika mwezi wa Machi, mvua inanyesha na maghala yako matupu.