Leza kubwa haipimwi kwa nguvu pekee

LORI lenye shehena nzito likifika kwenye daraja dhaifu, njia salama ni kushusha mzigo, kuuvusha kidogo kidogo na kuupakia upya ng'ambo. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Donna Strickland na Gérard Mourou waliufanyia mwanga jambo kama hilo.

Kabla ya hapo, mpigo mfupi wa leza ukiongezwa nguvu kupita kiasi uliharibu mtambo wenyewe. Wawili hao waliurefusha mpigo kwanza ili ukali wake upungue, wakaukuza, kisha wakaubana tena mwishoni. Mwaka 2018 walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Leo mipigo ya aina hiyo hutumika katika upasuaji wa macho na kukata vioo vya simu.

Huko Dolní Břežany, karibu na Prague, Jamhuri ya Cheki, upo mtambo uitwao HAPLS. Ulijengwa California, ukafunguliwa na kusafirishwa mwaka 2017. Umesanifiwa kutoa mpigo wa wati trilioni 1,000, mara 10 kwa sekunde. Nishati ya kila mpigo ni sawa na ile inayotumiwa na taa ya wati 30 kwa sekunde moja tu. Ukali wake unatokana na kubanwa katika muda mfupi mno.

Kazi ngumu zaidi ni kuufanya mtambo kama huo ufanye kazi kesho kama ulivyofanya leo. Chembe ya vumbi kwenye kioo huungua na kuacha doa. Mipigo inayofuata hulipanua hadi kioo kinaharibika. Joto la chumba likibadilika kidogo, miale hupotea njia. Kwa hiyo hewa huchujwa muda wote, mafundi huvaa mavazi maalumu, na vioo hukaguliwa mara kwa mara.

Kituo hicho na kingine cha Szeged, Hungaria, ni sehemu ya taasisi moja ya Ulaya, ELI ERIC, iliyoundwa mwaka 2021. Watafiti wa nchi mbalimbali huomba zamu ya kuvitumia. Mtambo ukikwama siku ya zamu, safari imepotea.

Mfanyabiashara aliyewahi kulala mpakani kwa sababu mfumo wa forodha umezimika hahitaji kuelezwa hasara hiyo.