Mtoto wa Miezi Sita: Dalili za Ukuaji Zinazopaswa Kufahamika na Wazazi

Wazazi na walezi wa Musoma, Bunda na Butiama wanakumbushwa kwamba mahudhurio ya mtoto kliniki hayamaliziki kwa chanjo za wiki ya 14. Katika ratiba ya kawaida ya chanjo, baada ya wiki hiyo inayofuata ni ile ya surua na rubela, ambayo hutolewa mtoto atimizapo miezi 9. Kwa sababu hiyo baadhi ya akina mama huiweka kadi sandukuni kwa miezi mitano na zaidi, kwa dhana kwamba hakuna la kufuata huko. Ilhali ni katika muda huo huo ambapo mtoto hujifunza kukaa, kushika, kutambua watu na kula, na ndipo kasoro iliyojificha tangu kuzaliwa huanza kuonekana.

Mtoto aliyetimiza miezi sita kwa kawaida shingo yake imekwisha kaza. Alazwapo chali hugeuka kifudifudi, na pengine hurudi chali mwenyewe. Hunyoosha mkono kukitwaa kitu akionacho, hukihamisha kutoka mkono mmoja hadi wa pili, kisha hukitia kinywani. Huitika kwa kugeuka asikiapo sauti nyuma yake, hucheka kwa sauti, na huanza kutamka silabi kama ba na ma, ingawa bado hamkusudii baba wala mama. Aidha, huwatambua watu wa nyumbani, na wengine huanza kulia wachukuliwapo na mgeni. Hilo lisihesabiwe kuwa ukosefu wa adabu, bali ni dalili kuwa akili yake inapambanua.

Kuhusu kukaa bila kuegemezwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 800 wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wastani wa kukaa ulikuwa miezi 6, lakini wapo waliokaa kabla ya kutimiza miezi 4 na wapo waliofikisha miezi 9, na wote walikuwa wazima. Kutambaa kwa mikono na magoti kulionekana kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu, na takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa hivyo kabisa. Hivyo basi, mama asikose usingizi kwa kuwa mtoto wa jirani amemtangulia wake kwa wiki tatu. Aliyezaliwa kabla ya wakati naye ahesabiwe kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa: aliyewahi kwa miezi miwili, afikapo miezi minane alinganishwe na wenziwe wa miezi sita.

Malezi nayo yana sehemu yake. Upande wa pili wa mpaka, magharibi mwa Kenya, mtaalamu Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet na kuchapisha matokeo yake mwaka 1976. Aliona kuwa wazazi huko huwafundisha watoto kukaa kwa makusudi, hata kwa kuchimba kishimo kidogo ardhini na kumkalisha mtoto humo akiwa ameegemezwa kwa nguo. Watoto hao waliwahi kukaa kuliko wale wa Marekani, lakini katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Mafunzo ya namna hiyo si mageni kwa bibi zetu. Linalotakiwa ni mtoto apewe nafasi kwenye mkeka kila siku, asishinde mgongoni au kitandani, na azungumzwe naye hata kama hajibu.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungojewa. Mtoto wa miezi sita ambaye kichwa chake bado chalegea, asiyefuata kitu kwa macho, asiyegeukia sauti, asiyecheka wala kutoa sauti, ambaye viungo vyake ni vikavu mno au vimelegea kupita kiasi, au anayetumia mkono mmoja tu na kuukunja wa pili, apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja. Hali kadhalika yule aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha. Huenda chanzo ni kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa siku za mwanzo, au ugonjwa wa uti wa mgongo. Mazoezi yaanzapo mapema humsaidia mtoto kuliko yanapoanza akiwa na miaka mitatu.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa izingatiwe pia selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa damu ya uchangani humkinga. Kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Vidole vya mikono na miguu kuvimba kwa maumivu, macho kuwa ya manjano na viganja kupauka ni sababu ya kuomba kipimo cha damu. Yanayozidi uwezo wa vituo hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma, au Bugando, Mwanza.

Jambo la kusikitisha zaidi katika umri huu ni lile liitwalo "meno ya plastiki", ambalo limeripotiwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto akishikwa na homa na kuharisha, fizi zake hufunuliwa. Panapoonekana uvimbe mweupe mahali pa chonge, huambiwa wazazi kuwa hayo ni meno ya maradhi, nayo hung'olewa kwa kisu, sindano au kipande cha chuma. Hakuna plastiki hapo. Uvimbe huo ni chonge za utotoni zikiwa bado ndani ya ufizi, na kila mtoto anazo. Homa yaweza kuwa malaria, na kuharisha kwaweza kutokana na maji au chombo kichafu, hasa mtoto aanzapo kula. Ang'olewapo hupoteza damu nyingi, huweza kupata pepopunda na maambukizo mengine, na hata meno ya ukubwani huharibika. Na maradhi yaliyomleta hubaki bila tiba.

Ama chakula, maziwa ya mama pekee hutosha hadi miezi sita tu, kwani akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hukaribia kwisha. Uji uwe mzito kiasi cha kutotiririka kijikoni, mara mbili au tatu kwa siku, na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Uji wa muhogo mtupu hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Uongezwe ulezi, karanga zilizosagwa, au dagaa wa ziwani waliooshwa mchanga, wakakaushwa vizuri na kusagwa laini.

Watumishi wafahamu kwamba chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama hurejea kazini, basi, mtoto akiwa hajafikia nusu ya miezi sita ya kunyonya pekee. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshaye kwenda kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wakuu wa idara wanaombwa wasisubiri kuombwa ruhusa hiyo kila asubuhi, bali wapange zamu za ofisi kwa kuizingatia.