Brokoli Isiyofunga

"Mwalimu, mbona kabichi zako hazifungi?"

Mzee jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja ya Julai, mikono juu ya wigo, ukungu haujaondoka bondeni. Hapa Lushoto mtu akiona majani mapana ya kijani chenye ukijivu anajua ni kabichi, na kabichi ikifika miezi mitatu haijafunga, anamhurumia mwenye shamba. Nikamkaribisha ndani. Nikafunua majani ya mche mmoja nikamwonyesha: kila jani linaposhikana na shina pametoka kichipukizi, vingine urefu wa kidole, vingine urefu wa shibiri, na kila kimoja kimebeba kileleni vitumba vya maua vilivyobanana. Nikavunja kimoja nikampa. Akakitafuna kibichi, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba mbegu.

Hiyo ndiyo brokoli ya vichipukizi. Brokoli ya sokoni hutoa kichwa kimoja kikubwa, kikikatwa kazi yake karibu imekwisha. Hii yangu unaikata leo, na baada ya siku nne unaikata tena. Ni ndugu wa damu wa kabichi, sukuma wiki na kolifulawa. Wataalamu wanazihesabu zote kuwa spishi moja, ila wakulima wa zamani walichagua wengine jani, wengine ua. Waitalia walipenda vichipukizi, na jina brokoli limetokana na neno lao la chipukizi.

Kabla ya jembe, tazama mbegu. Binti yangu aliwahi kuniletea kutoka Uingereza pakiti ya brokoli ya zambarau. Ilistawi ajabu, ikanifika kifuani, mwaka ukaisha bila kichipukizi hata kimoja. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Kule husiwa kati ya Aprili na Juni, ikapita majira yote ya baridi shambani, ikavunwa kuanzia Februari hadi Aprili, wakati bustani nyingine ni tupu. Baridi ya majuma mengi ndiyo inayouambia mche kwamba sasa ni zamu ya maua. Baridi yetu ya Usambara, pamoja na makoti yote tunayoivalia, haikutosha. Tulikula majani yake kama sukuma wiki na hatukujuta, lakini sikusia tena. Siku hizi natumia ile ya kijani, jamii ya Calabrese, isiyodai baridi kali. Zipo na za zambarau zilizozalishwa kwa ajili ya kiangazi cha Ulaya, kama Burgundy. Soma pakiti: ikisema huvunwa baada ya majira ya baridi, iache dukani. Na walio pwani niwaambie kweli, joto la Tanga mjini au Dar es Salaam hufungua vitumba upesi kabla hujashika kisu. Hii ni mboga ya Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru na kwingineko kwenye baridi.

Mbegu yake ni ya mviringo, nyeusi yenye wekundu, ndogo kama ulezi. Mimi husia mwishoni mwa Aprili kwenye trei iliyotobolewa chini, udongo nusu na mboji nusu, kina cha sentimita 1 tu. Siku ya tano au ya sita inachomoza. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa huruma ya maji. Mwaka mmoja nilimwagilia asubuhi na jioni. Kinyausi kikaingia, miche ikaanguka shingoni kana kwamba kila mmoja umekazwa uzi. Mwagilia asubuhi, udongo ukaukie juu, hewa ipite.

Majuma matano hivi baadaye, mche ukiwa na majani manne au matano, uhamishie shambani. Acha sentimita 50 kati ya mche na mche. Itaonekana ni nafasi ya kupoteza, lakini subiri Julai uone. Samadi iwe imeoza kabisa. Kisha shindilia udongo kwa kisigino kuzunguka shina, maana jamii hii haipendi udongo uliolegea. Kipimo changu ni kuvuta ncha ya jani taratibu: jani likichanika na mche umetulia, umeshindilia vizuri. Mahali palipolimwa kabichi mwaka jana, usipande.

Adui mkubwa ni kiwavi wa nondo wa kabichi. Geuza jani, ukimgusa anajinyonganyonga kinyumenyume na kujiteremsha kwa uzi wake. Nawaponda kwa vidole kila asubuhi, na wakizidi napuliza maji ya mwarobaini.

Sasa jambo ambalo mgeni wa mboga hii analionea uchungu. Kileleni hutokea kichwa kidogo, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Moyo unasema kiache kikue. Kikate. Kata kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame kwenye kidonda. Kilele kikiwepo ndicho kinachozuia macho ya pembeni yasiamke. Kikiondoka, ndani ya siku chache kila kwapa la jani linafumuka. Baada ya hapo vuna mara mbili kwa juma, vikiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15, vitumba vingali vimefumba. Usivionee huruma. Ukiacha maua ya njano yafunguke mengi, mche unahesabu kwamba umemaliza kazi, unakwenda kwenye mbegu. Mimi huvuna mpaka Septemba.

Jikoni, loweka kwanza kwenye maji ya chumvi ili viwavi waliojificha watoke. Kitunguu kikishaiva, tia vichipukizi, funika dakika tatu, epua vikiwa bado vinalia menoni. Ukichemsha ile ya zambarau usishtuke ikigeuka kijani. Rangi yake hutoka kwenye maji ya moto.

Mzee jirani alisia mbegu kumi na mbili. Nawe, kama unaishi panapopoa, usianze na robo eka. Sia kumi kwenye trei moja. Miche sita ikishika inatosha nyumba ya watu watano, na inayobaki mpe wa ng'ambo ya wigo.