Kabla ya Meza, Tazama Paa

Mashauri mengi kuhusu kufanya kazi nyumbani yameandikwa na watu wanaoishi gorofani mijini. Huanzia kwenye kiti chenye magurudumu, yakaja kwenye meza, yakaishia kwenye mmea wa kupamba dirisha. Kwa kijana anayefanya kazi za mtandaoni Malinya, katika eneobunge la Ikolomani, kaunti ya Kakamega, mpangilio huo umepinduka. Kiti kinaweza kungoja. Kinachoamua iwapo mteja wa Marekani au mwajiri wa Nairobi atampa kazi tena ni mambo matatu yasiyouzwa katika duka la fanicha: utulivu, stima na mlango unaofungika. Shilingi za kwanza ziende huko, na za kwanza kabisa zipande juu, kwenye paa.

Ushahidi ulio bora kuhusu jambo hili umetoka China. Kati ya 2010 na 2011, kampuni ya usafiri ya Ctrip iliwaruhusu baadhi ya wahudumu wake wa simu wa Shanghai kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa juma, kwa muda wa miezi tisa. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakailinganisha kazi yao na ya wenzao waliobaki ofisini. Waliojitolea waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa, za shufwa huku na za witiri kule, ili pasiwe na upendeleo. Waliokaa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Tarakimu hiyo ndiyo inayokumbukwa na wengi, ila undani wake una faida zaidi. Kama asilimia 9 zilitokana na muda: mapumziko yalipungua, na siku za kuugua pia. Zile 4 zilizosalia zilitokana na kuhudumia simu nyingi zaidi kwa kila dakika, jambo lililohusishwa na utulivu wa nyumbani. Tena palikuwa na sharti tangu mwanzo: hakukubaliwa mtu asiyekuwa na intaneti ya kasi na chumba cha peke yake cha kufanyia kazi. Basi anayelitaja jaribio hilo ili kusifu kazi ya nyumbani alitaje pamoja na chumba chake.

Sasa tulete chumba hicho Malinya. Sehemu hii ya Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka alasiri, baada ya jua la asubuhi kupandisha unyevu hadi mawingu yakafura. Nyumba za zamani za kuezekwa kwa nyasi zilikuwa na kasoro zake, lakini mvua ilipozipiga hazikupaza sauti. Mabati ya siku hizi ni bamba jembamba lililokazwa juu ya mbao, nalo hutetemeka kwa kila tone. Mvua kubwa ikishika, watu wawili walioketi meza moja hulazimika kupayuka. Na ajabu ya saa ni hii: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri ya Kenya, au saa kumi na moja wakati wa baridi kwao. Mteja anafungua ofisi yake papo hapo mawingu ya Kakamega yanapofunguka. Mtu anaweza kuwa na kiti cha kifalme, lakini mwezi wa Aprili hatasikika.

Dawa yake ni silingi. Haihitaji nyumba nzima. Chumba kimoja chatosha. Ubao wa jipsamu au ubao laini uliopigiliwa chini ya mabati, ukiacha nafasi ya hewa katikati, huvunja sehemu kubwa ya kishindo. Upenyo kati ya ukuta na paa uzibwe, kwa kuwa kelele hupita popote hewa inapopita. Ukuta mnene wa udongo, ambao wengi wanauonea haya, huzuia sauti vizuri kuliko ukuta wa mabati. Mkeka sakafuni na pazia zito hupunguza mwangwi. Onyo moja: usijaze sponji wala nguo kuukuu juu ya silingi penye nyaya za stima, maana hapo moto hupata chakula.

Atatokea wa kusema kwamba vipokea sauti vya masikioni vinatosha, na silingi ni anasa. Vifaa hivyo humlinda anayevivaa. Aliye upande wa pili bado anasikia mvua. Zipo programu za kuchuja kelele, nazo husaidia jogoo anapowika, lakini mvua inapoizidi sauti ya msemaji, programu hula na maneno yake. Maiki iliyo karibu na mdomo inasaidia zaidi kuliko programu, na hiyo nakubali inunuliwe hata kabla ya silingi kwa asiye na uwezo. Mwingine atasema kijana achague kazi zisizo na mazungumzo, kama vile kunukuu rekodi za sauti. Lakini anayenukuu anahitaji kusikia kuliko mtu yeyote, na mvua itamnyima hata hilo.

Baada ya paa, stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Siku kama hiyo mwajiri husamehe, kwa sababu habari humfikia. Asiyesamehewa ni yule ambaye stima yake hukatika peke yake kila Jumanne. Hesabu ya kujikinga si ngumu. Laptopu hula kama wati 50, ruta 10, taa 5. Kwa saa nane hizo ni wati-saa 520. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku hufa mapema, kwa hiyo za kutumia ni 600. Ondoa zinazopotelea kwenye inveta, na siku moja ya kazi inatimia kwa shida. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo huruhusu kutumia zaidi ya robo tatu ya ilichobeba. Paneli ya wati 200 yaweza kujaza pengo hilo siku ya jua. Katika majira ya mvua ndefu betri ijazwe kwa stima ya kawaida wakati ipo. Radi nayo isisahaulike, kwani ukanda huu wa magharibi unajulikana kwa radi. Kifaa kile mafundi wanachokiita gadi huzuia stima inayopanda ghafla, lakini hakizuii radi iliyopiga karibu. Ngurumo ikianza, chomoa kila kitu na uendelee kwa betri.

Intaneti nitaipitia haraka. Laini mbili za kampuni tofauti ni za lazima, kwani mnara mmoja ukizimika mwingine huenda ukaendelea kufanya kazi. Hata hivyo tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na kasi ikashuka kwa kampuni nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana kila mara pawepo kazi iliyopakuliwa mapema, inayoweza kuendelea bila mtandao.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaouliza: kwa nini mtu ahangaike na silingi na betri, na vituo vya kidijitali vipo? Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na tangu wakati huo vituo vyenye kompyuta na intaneti vimefunguliwa katika sehemu nyingi za nchi. Kwa mwenye kazi za mchana za Nairobi ni msaada mkubwa. Lakini anayefuata saa za Marekani huanza siku yake watu wa ofisi wanapoanza kufunga milango, na kurudi usiku kwa bodaboda akiwa na laptopu begani si jambo la kumshauri mtu. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kule Ctrip, jaribio lilipokwisha, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walitaka kurudi ofisini, na sababu yao kubwa ilikuwa upweke. Siku moja kwa juma kituoni, au mjini Kakamega pamoja na wenzake wa kazi hiyohiyo, si hasara.

Meza na kiti ni kazi ya seremala, na maelezo yake ni mafupi: viwiko vikunjike kama pembe ya mraba mikono ikiwa juu ya vibonye, nyayo zikanyage chini, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Laptopu pekee haiwezi kutimiza la viwiko na la skrini kwa pamoja, kwa hiyo iinuliwe juu ya vitabu na pachomekwe kibodi ya pembeni. Malinya iko karibu na ikweta. Dirisha la kaskazini au la kusini huleta mwanga mpole, ilhali la magharibi humchoma mtu machoni saa ileile ya simu.

Limebaki la mlango, nalo ndilo gumu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 618 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti hii. Ukikaa nyumbani unakaa katikati ya watu. Wazee huona kwamba kumfungia ndugu mlango ni kiburi cha mjini. Lakini hakuna anayemtoa mwalimu darasani ili akafunge ng'ombe. Tatizo ni kwamba mtu aliyeketi mbele ya skrini huonekana amepumzika, kwa hiyo saa zake zitangazwe kwa wenye boma kama ratiba ya shule. Naye asiwe mgumu. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura, husikika kwenye mazishi na hupeleka fahali wa kupigana kiwanjani Malinya. Asiyeonekana matangani atakosa watu siku yake ikifika. Ni busara kuiacha Jumamosi, siku ya shughuli kama hizo, bila miadi ya simu.

Kwa mvulana, desturi imekwisha kumpa ofisi. Simba, ile nyumba ndogo anayojengewa ndani ya boma baada ya jando, ina mlango wake na iko mbali na jiko. Silingi na betri tu ndizo zinazokosekana. Dada yake hana. Yeye hufanyia kazi sebuleni au kitandani, na kila mgeni akibisha hodi ni yeye anayeitwa kuandaa chai. Akishindwa kumaliza kazi kwa wakati, lawama humwangukia yeye na nyumba haiulizwi. Akiwa anachangia karo ya wadogo zake, chumba cha nyuma cha nyumba kubwa kingefaa kupewa mlango wa kutokea nje na ufunguo wake akabidhiwe. Fundi mwashi hatachukua muda mrefu. Mashauriano ya ukoo huenda yakachukua.