Ajitoleaye kijijini na arudi, ila arudi na lugha

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu waliomaliza kidato cha nne, wakingoja kujiunga na vyuo, hufundisha katika shule za mashambani kwa kujitolea au kwa ujira usiotosha hata sabuni. Wapo pia wageni wa ng'ambo wanaokaa majuma machache, wakapaka rangi ukuta wa darasa, wakapigwa picha na watoto, kisha wakaaga. Aghalabu makundi yote mawili huacha ahadi moja: "Nitarudi." Swali ni je, arudiye arudi na nini?

Wengi watajibu kwamba arudi na fedha. Sibishi, shule isiyo na madawati yahitaji madawati. Hata hivyo, ningependa tuuangalie mfano wa Senegali.

Mnamo 1974 Mmarekani mmoja, Molly Melching, aliwasili Dakar kwa masomo yaliyokusudiwa kuchukua miezi michache tu. Alijifunza Kiwolofu, akajitolea chini ya Peace Corps, na akaanzisha kituo cha watoto kilichotumia Kiwolofu badala ya Kifaransa. Muda wa kujitolea ulipokwisha hakufunga virago. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia kijiji cha Saam Njaay, akaishi na wenyeji na kubuni nao masomo ya watu wazima kwa lugha yao. Mnamo 1991 likazaliwa shirika la Tostan. Jina hilo, alilopendekezewa na msomi Cheikh Anta Diop, ni neno la Kiwolofu linalomaanisha kuanguliwa kwa kifaranga. Nasi twajua kwamba kifaranga huvunja yai kutoka ndani.

Tarehe 31 Julai 1997, wanawake wa Malicounda Bambara, waliokuwa wamesoma masomo hayo ya afya na haki za binadamu, walitangaza hadharani kwamba wameacha kuwakata mabinti zao. Majirani waliwalaumu vikali. Hapo ndipo alipojitokeza Demba Diawara, imamu wa Keur Simbara. Hoja yake ilikuwa nyepesi: vijiji huoana, basi kijiji kimoja hakiwezi kuacha mila peke yake, kwani mabinti zake watakosa wachumba. Mzee huyo akafunga safari kwa miguu, kijiji hadi kijiji, akizungumza na jamaa zake. Februari 1998 vijiji 13 vilitoa tamko la pamoja huko Diabougou. Sheria ya nchi ilifuata Januari 1999.

Zingatieni kwamba mgeni hakuifanya kazi ya Demba Diawara, wala asingeiweza. Alichokifanya ni kukaa hadi mazungumzo yakawezekana. Tena alichagua maneno kwa uangalifu: Tostan husema "kukata" tu, bila istilahi za kushutumu.

Jambo hili si dogo. Katika Kiswahili, neno "tohara" lina asili ya Kiarabu na maana ya usafi; anayelitumia ameisifu mila kabla ya kuijadili. "Ukeketaji" nao watokana na kukeketa, yaani kukata kwa kisu butu. Anayelitumia amekwisha kutoa hukumu. Bibi aliyefanyiwa hayo na mamaye mpenzi atalisikia neno hilo kama tusi, naye atafunga masikio. Mwenye haraka hawezi kuyajua haya. Huyajua aliyekaa barazani na kusikiliza.

Yamkini mtu atasema kwamba vijana wetu si wageni, kwa hiyo nasaha hii haiwahusu. La hasha! Msomi akaaye mjini miaka minne hurejea kwao na istilahi ambazo nyanya yake hazielewi, akadhani nyanya ndiye mjinga. Huyo naye ni mgeni, na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la anayerudi ni lugha.

Walimu, mnapoaga kijana aliyewasaidia kufundisha, mwombeni arudi likizo hata mikono mitupu. Nawe mwanafunzi, urudipo, uliza kwanza wazazi wa shule ile wanataka nini, uwaulize kwa lugha yao, na usikilize jibu hadi mwisho. Madawati yatanunuliwa baadaye, na wenyewe watajua ni mangapi.