Mfundishe Mwanao Pesa Kabla Hajachukua Kitambulisho

Mimi ni mwalimu wa somo la Biashara katika shule moja ya upili hapa Mombasa, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Nimefundisha mizania, mahitaji na ugavi, aina za benki na kazi zake. Mwanangu mwenyewe alipata A katika somo hilo. Miezi minne baada ya kumaliza kidato cha nne alikuwa na madeni ya apu tatu za mikopo, na mimi mamake nilikuwa mtu wa mwisho kujua.

Ilianza hivi. Alipotimiza miaka 18 alichukua kitambulisho, akasajili laini kwa jina lake. Idi ilipokaribia akaomba shilingi 2,000 anunue viatu. Apu ilimwingizia 1,700 na kumtaka arudishe 2,000 baada ya siku 14. Hakuwa na kazi wala kibarua. Siku zilipotimia alikopa ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu kulipa ya pili. Jioni aliyonijia jikoni na kusema, "Mama, nisamehe, kuna jambo," deni lilikuwa limefika 6,800. Pesa nilizokuwa nimemwekea kwenye chama ili asomee udereva ndizo zilizolipa.

Mwanangu si mjinga. Kosa ni letu wazazi, nami niko mstari wa mbele. Tulimfundisha maneno ya pesa lakini pesa yenyewe hatukumpa ashike. Kila asubuhi alipewa nauli na ya chakula, na ikiisha akaongezwa. Hajawahi kuishiwa mbele yetu, kwa hivyo mara ya kwanza kuishiwa kwake ilikuwa mbele ya simu, na simu haikatai kukopesha. Samaki mkunje angali mbichi, na kwetu nyumbani tulingoja akauke.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofundisha, darasani na nyumbani. Mambo yenyewe ni manne.

La kwanza, mpe pesa ya mwezi mzima kwa mara moja. Chukua ile ile unayompa kila siku, ijumlishe, umkabidhi tarehe moja pamoja na daftari. Ikiisha tarehe 20, usimwongeze. Nauli ya shule mlipie mwenyewe, lakini viazi karai na bando zingoje tarehe moja nyingine. Ni bora aishiwe na shilingi 400 akiwa kwako kuliko aishiwe na 40,000 akiwa chuoni Nairobi.

La pili, mwonyeshe gharama ya nyumba. Vijana wengi wanajua bei ya simu mpya ila hawajui kodi, maji na tokeni za stima hula kiasi gani kwa mwezi. Mkabidhi gharama moja aisimamie kwa muhula mzima. Atajifunza zaidi kuliko kwa hotuba zangu zote.

La tatu, mfundishe kuuliza maswali matatu kabla ya mkopo wowote: Napokea ngapi mkononi? Narudisha ngapi? Baada ya siku ngapi? Hapa ndipo watu wazima pia hukosea. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Hustler Fund iliyoanza Novemba 2022 ilitoza asilimia 8. Kwa haraka kijana atasema ya kwanza ni nafuu. Lakini ile 8 ni ya mwaka mzima. Kwa shilingi 1,000, ya kwanza ni shilingi 75 kwa mwezi, na ukirudia kukopa kila mwezi utakuwa umelipa 900 kwa mwaka. Ya pili, kwa siku zake 14, ni kama shilingi 3, ukiacha ile asilimia 5 inayokatwa na kuwekwa akiba. Ule mkopo wa mwanangu ulimgharimu shilingi 300 juu ya 1,700 kwa wiki mbili tu.

Na kwa familia zinazojiepusha na riba kwa ajili ya dini, hesabu hii ina uzito zaidi. Kijana hataitambua riba ikiwa kwenye simu imeandikwa "ada ya huduma".

La nne, mwambie kitambulisho chake ni mali. Asimsajilie rafiki laini, asimtajie mtu namba ya siri, asimkopee mwenzake kwa jina lake. Deni lisilolipwa laweza kumfikisha kwenye orodha ya CRB, na jina likiharibika huko, atahangaika siku atakapohitaji mkopo wa bodaboda au wa kufungulia duka. Anayekwenda chuo kikuu aelewe pia kwamba pesa za HELB si zawadi. Ni mkopo, na baada ya masomo utadaiwa.

Hakuna lolote hapa linalohitaji shahada au mshahara mkubwa. Mama anayechoma mahamri Kisauni anajua hesabu hizi kuliko mimi. Alichobakisha ni kumwita mwanawe akae kando yake wakati anahesabu mauzo.

Mwanangu alianza masomo ya udereva mwaka mmoja baadaye kuliko tulivyopanga. Mdogo wake yuko kidato cha tatu, naye ndiye mwenye pesa ya stima nyumbani kwetu. Juzi alisimama mlangoni na daftari lake. "Mama, zimebaki uniti nne, na pesa niliyo nayo ni ya wiki moja. Nani analala na feni ikiwaka mchana?"

Nilikuwa ni mimi. Nikaizima.